Utumbo Usiojua Kulegea

Mama aliyejifungua salama hupata wageni wengi, na kila mgeni huja na swali lake. Mtoto ana kilo ngapi? Ananyonya? Amefanana na nani? Lakini lipo swali moja ambalo akina dada wa siku hizi hulionea haya, na ambalo bibi wa Kiluguru huliuliza mbele ya watu wote bila kupepesa macho: "Mjukuu wangu ameshapata choo?"

Sisi tunasema bibi huyo asogezewe kiti. Swali lake lina uzito kuliko yale mengine yote, na mara nyingine huokoa maisha.

Tuchukue hali yetu hapa Mzumbe. Barabara inayochepuka pale Sangasanga kutoka barabara kuu ya Iringa hupita kwetu, ikaenda Mlali, kisha ikapanda mlima hadi Mgeta. Kwa barabara hiyo hushuka kabichi, njegere, karoti na viazi vya kupelekwa sokoni Morogoro, na kwa barabara hiyo hiyo hushuka wajawazito kwenda kujifungulia kwenye zahanati, kituo cha afya au hospitali ya mjini. Shirika la Afya Duniani linashauri mama na mtoto wabaki chini ya uangalizi kwa muda usiopungua saa 24 baada ya kujifungua. Wengi wetu hatubaki. Vitanda ni vichache, nyumbani kuna watoto wengine, na gari la kupanda mlimani halimngoji mtu. Kwa hiyo choo cha kwanza cha mtoto, au kukosekana kwake, huonwa nyumbani na mama na bibi, wala si na muuguzi.

Choo hicho cha kwanza ni cheusi chenye ukijani kwa mbali, na hunata kama lami. Watoto wengi sana waliotimiza miezi yao hukitoa ndani ya saa 24. Saa 48 zikipita bila choo, mtoto huyo hana budi kuonwa na daktari, hata kama analia kwa nguvu na kunyonya vizuri. Kwa nini haraka yote hiyo? Ili kujibu, inatubidi tuingie kidogo ndani ya tumbo lenyewe. Msomaji wetu asiogope maneno ya kitaalamu. Ni machache, na tutayamenya moja moja.

MPIRA KWENYE KIUNO CHA SKETI

Kila mwanamke aliyewahi kushona anaijua kazi ya kupitisha mpira kwenye kiuno cha sketi. Unafunga pini kwenye ncha ya mpira, unaiingiza, kisha unafanya mambo mawili kwa pamoja: nyuma ya pini unabana kitambaa, mbele yake unakinyosha na kukilegeza. Ukibana nyuma bila kulegeza mbele, pini haiendi. Utasukuma mpaka vidole viume.

Basi ndivyo utumbo unavyosafirisha chakula. Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa kama meta 6, na utumbo mpana kama meta moja na nusu. Njia yote hiyo imezungukwa na misuli inayoitwa misuli laini. Si kama misuli ya mkono inayongoja umwambie inyanyue ndoo. Hii hufanya kazi usiku na mchana bila kutuuliza. Chakula kikifika mahali, kuta za utumbo hutanuka. Misuli iliyo nyuma ya chakula hukaza, na iliyo mbele hulegea. Chakula husogea. Kisha tena, na tena.

Mwaka 1899 wataalamu wawili wa London, Bayliss na Starling, walionyesha jambo hili kwa kupima utumbo wa mbwa. Kilichowashangaza watu ni kwamba hata mishipa ya fahamu inayotoka nje kuja kwenye utumbo ilipokatwa, utumbo uliendelea kukaza nyuma na kulegea mbele kama kawaida. Maana yake ni kwamba amri haitoki kichwani. Utumbo una fahamu zake wenyewe, zilizofumwa ndani ya kuta zake kama wavu, na seli za fahamu katika wavu huo huhesabiwa kwa mamilioni ya mamia. Ndiyo maana baadhi ya wataalamu huuita ubongo wa pili.

Hapa tunapenda kusema neno la pembeni kuhusu dona. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda kwa miaka karibu 20, hadi 1966, ndiye aliyewafumbua macho Wazungu wenzake kuhusu makapi ya chakula. Yeye na wenzake walipima na kuona kwamba chakula cha mwanakijiji wa Uganda kilipita tumboni kwa muda wa kama siku moja na nusu, na cha vijana wa Uingereza waliokula mkate mweupe kilichukua siku tatu na zaidi. Sababu tumeshaigusa: ni kule kutanuka kwa kuta kunakoamsha fahamu za utumbo. Chakula chenye makapi, kama dona, mbaazi, maharage, mchicha, papai na chungwa linaloliwa na nyama zake, hutanua kuta. Sembe nyeupe iliyokobolewa mara mbili haina cha kutanulia. Tunashangaa jinsi wengine wetu tunavyoona dona ni chakula cha shuleni tu.

WAJUMBE WADOGO SANA

Sasa, seli ya fahamu huiambiaje misuli kaza au legea? Haina mdomo. Hutuma wajumbe, yaani kemikali ndogo zinazomwagwa kwenye ncha yake, nazo huenda kugonga mlango wa seli ya misuli. Baadhi ya wajumbe hao ni vipande vifupi vya protini, na kwa kuwa hutengenezwa na neva, huitwa nyuropeptidi. Fikiria shanga zilizotungwa kwenye uzi mmoja. Shanga chache kwa mpangilio fulani ni mjumbe mmoja, na mpangilio mwingine ni mjumbe mwingine mwenye neno tofauti kabisa.

Wapo wajumbe wa kukaza. Mmoja wao, aitwaye dutu P, aligunduliwa mwaka 1931. Na wapo wa kulegeza. Mkubwa kati ya hao wa kulegeza ana shanga 28, na wataalamu humwita kwa kifupi VIP. Msomaji asidhani tunazungumzia wale waheshimiwa wa jukwaa kuu kwenye sherehe! Herufi hizo ni kifupi cha jina refu linalomaanisha peptidi ya utumbo yenye kupanua mishipa ya damu, kwa sababu kazi hiyo ndiyo iliyoonekana kwanza.

Aliyemgundua mjumbe huyo ni mwana wa Afrika. Daktari Sami Said alizaliwa na kusomea udaktari nchini Misri, kisha akaenda Marekani, ambako alishughulika na magonjwa ya mapafu. Alikuwa akitafuta kemikali inayoshusha shinikizo la damu. Akaenda Stockholm, Sweden, kwa mtaalamu aitwaye Viktor Mutt, aliyekuwa akichemsha matumbo ya nguruwe kwa wingi ili kutoa kemikali zilizomo. Mwaka 1970 wakatangaza kwamba wameipata. Baadaye ikabainika kwamba VIP imo katika neva za mwili mzima: katika ubongo, mapafu, mfuko wa uzazi, na kwa wingi kabisa katika kuta za utumbo.

Kazi yake pale utumboni ni rahisi kueleza. Mjumbe anafika kwenye seli ya misuli na kuingia mlangoni mwake kama ufunguo kwenye kitasa. Ndani ya seli hiyo kiasi cha kalsiamu hupungua. Kalsiamu ndiyo inayoishikilia misuli ikaze; ikipungua, misuli hulegea na njia hufunguka. VIP hafanyi kazi hii peke yake. Yupo mwenzake ambaye si peptidi bali ni hewa, nitriki oksaidi, inayotolewa na neva zile zile. Wakishirikiana hao wawili, mlango unafunguka kwa wakati wake na kufungwa kwa wakati wake.

Wako watu wazima ambao neva hizi za kulegeza hufa pale umio unapoungana na mfuko wa chakula. Kifungo cha hapo hakilegei. Mgonjwa anameza ugali nao unakwama kifuani, halafu hata maji yanakwama. Usiku chakula humrudia mdomoni, na mwili unakonda. Mtu wa namna hiyo huambiwa amelogwa au ana vidonda vya tumbo. Apelekwe hospitali kubwa akachunguzwe umio.

TUMBO JOTO

Kiswahili kilikwisha kuligundua hili kabla ya maabara. Mtu mwenye wasiwasi tunasema ana tumbo joto. Kwa nini tumbo, wala si goti au kiwiko? Kwa sababu ubongo wa kichwani na ule wa tumboni huzungumza. Mtu akipata hofu, ubongo hutoa nyuropeptidi nyingine ambayo huamrisha mambo mawili yasiyofanana: mfuko wa chakula unapunguza mwendo, na utumbo mpana unaongeza. Ndiyo maana asubuhi ya mtihani mtoto hawezi kula uji, lakini anakimbilia chooni mara tatu. Ukimlazimisha amalize kikombe, utakiokota sakafuni. Mpe kidogo kidogo, umwache apumue.

Akina mama nao wanalijua hili katika ndoa zao, ingawa husema ni "gesi". Tumbo linalokaza kila mwisho wa mwezi, mwenye nyumba anapokaribia kugonga mlango kudai kodi, linaweza kuwa halina mdudu wala kidonda. Maumivu hayo ni ya kweli, wala si maigizo. Lakini mwenye kupungua uzito, kutoa damu chooni au kuamshwa usiku na maumivu asijipoze kwa maelezo haya. Aende akapimwe.

MTOTO ALIYEZALIWA BILA WAJUMBE

Turudi kwa yule mtoto asiyepata choo.

Mwaka 1886 daktari wa watoto wa Copenhagen, Denmark, aitwaye Harald Hirschsprung, alisimama mbele ya wenzake huko Berlin akaeleza habari za watoto wachanga wawili waliokufa kwa kufunga choo. Utumbo wao mpana ulikuwa umevimba kupita kiasi, na chini yake palikuwa na sehemu nyembamba iliyoonekana ya kawaida. Ugonjwa ukapewa jina lake. Kila mtu alidhani, kama ambavyo sisi tungedhani, kwamba sehemu iliyovimba ndiyo mbovu. Kwa zaidi ya miaka 60 wapasuaji waliikata ile iliyovimba, wakaiacha ile nyembamba, na watoto wakavimba tena.

Kumbe ubaya ulikuwa kwenye sehemu iliyoonekana nzuri. Ile nyembamba haina seli za fahamu. Hakuna seli, hakuna wajumbe; hakuna VIP, hakuna nitriki oksaidi; misuli imekaza daima na haijui kulegea. Ni kama kiuno cha sketi ambacho fundi amekishona kikafunga. Mpira unasukumwa, kitambaa kinajikunja na kujaa nyuma ya pini, na mbele hapafunguki. Ile sehemu iliyovimba ni nzima. Imechoka tu kwa kusukuma. Mpasuaji Orvar Swenson wa Boston, Marekani, ndiye aliyelifanyia kazi jambo hilo, na mwaka 1948 akachapisha njia ya kuikata sehemu isiyo na neva na kuivuta ile nzima chini mpaka kwenye njia ya haja kubwa. Njia zinazotumika leo zimetokana na wazo hilo hilo.

Sehemu hiyo hukosaje seli? Mtoto akiwa na majuma kama matano tumboni mwa mama yake, seli za fahamu za utumbo huanza safari kutoka sehemu za shingoni, zikishuka na utumbo kuelekea chini. Kufikia juma la 12 hivi zinapaswa kuwa zimefika mwisho kabisa. Kwa watoto wachache zinaishia njiani. Ndiyo maana sehemu yenye kasoro siku zote huanzia chini na kupanda juu. Kwa watoto wengi ni kipande kifupi. Kwa wachache sana ni utumbo mpana mzima.

Ugonjwa huu humpata mtoto mmoja hivi katika kila 5,000 wanaozaliwa. Msomaji anaweza kusema ni wachache mno. Lakini Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni 2 kwa mwaka. Piga hesabu, utapata kama 400 kila mwaka. Wavulana hupatwa takriban mara nne kuliko wasichana, na watoto wenye hali ya Down hupatwa zaidi kuliko wengine. Mwaka 1994 ilitambuliwa kasoro ya urithi inayochangia ugonjwa huu. Tunalitaja hilo kwa sababu tunajua jinsi maneno yanavyomwangukia mama. Kwamba alikula mayai akiwa na mimba. Kwamba aligombana na mawifi. Kwamba hakumaliza dawa za kienyeji. La hasha! Hakuna alichokula au kukosa kula kilichozuia safari ya seli hizo. Ilikwisha kabla hata watu hawajajua kuwa ana mimba.

"NI MCHANGO HUO, MWANANGU"

Mama mmoja kutoka kijiji kilicho juu ya Mlali alitusimulia habari za mwanawe wa pili. Alijifungulia zahanati, mchana. Kesho yake asubuhi akapanda gari la kurudi nyumbani. Mtoto alipata choo siku ya nne, kidogo, baada ya kupakwa mafuta na kukandwa tumbo. Kuanzia hapo kilikuwa kikija mara moja kwa juma, chembamba kama utepe. Tumbo likaanza kukua.

"Mama, mbona tumbo la mtoto limekuwa kama ngoma?" alimwuliza mzazi wake.

"Ni mchango huo, mwanangu. Hata wewe ulikuwa nao. Nilikuchemshia mizizi ukapona."

Mizizi ikachemshwa. Ilipokwisha ikachemshwa mingine. Mtoto alipofikisha miezi mitano mikono yake ilikuwa miembamba na tumbo limetangulia mbele, na kwenye kadi ya kliniki mstari wa uzito ulikuwa umelala. Wakampa dawa ya minyoo. Mahali pamoja waliambiwa ni utapiamlo, mama aongeze karanga kwenye uji.

Kwetu Uluguru ukoo ni wa upande wa mama, na mjomba ana sauti. Mjomba wa mtoto huyo alishuka siku moja kutoka shambani, akamtazama mpwa wake, akasema, "Dada, huyu si mtoto wa kuchemshiwa tena." Akauza mbuzi wawili. Ugonjwa ulijulikana katika hospitali ya rufaa mtoto akiwa na miezi saba, na akapasuliwa.

Hatumlaumu bibi. Neno mchango, au chango, limebeba mzigo mkubwa katika lugha yetu. Mtoto akilia usiku ni mchango, akijinyonganyonga ni mchango, tumbo likinguruma ni mchango. Na mara nyingi mtoto hupona, kwa sababu maumivu ya tumbo ya mtoto mchanga huisha yenyewe akifikisha miezi mitatu minne, mizizi iwepo isiwepo. Hapo ndipo mizizi hupata sifa. Shida ni kwamba jina moja limefunika magonjwa mengi, na mojawapo ni hili lisilosikia mzizi wowote. Tena mtoto aliye chini ya miezi sita hapaswi kupewa kitu chochote zaidi ya maziwa ya mama na dawa aliyoandikiwa na mtaalamu. Ini na figo zake ni changa, na hakuna bibi anayeweza kupima nguvu ya mzizi kwa jicho.

Kwa upande mwingine, tusitishane bure. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama tu, akishapita mwezi mmoja, anaweza kukaa siku kadhaa, hata juma zima, bila choo, na asiwe na ugonjwa wowote. Tofauti ni hizi: huyo mzima alipata choo chake cheusi mapema, tumbo lake ni laini, ananyonya kwa furaha, uzito unapanda, na choo kikija ni laini na kingi. Mgonjwa alichelewa tangu mwanzo. Tumbo lake limejaa na ngozi yake inang'aa, ananyonya kidogo na kuacha, pengine anatapika. Matapishi ya rangi ya kijani kwa mtoto mchanga si ya kungoja asubuhi. Ni safari ya usiku huo huo.

Lipo jambo jingine linalowapoteza wengi. Mtoto mwenye ugonjwa huu anaweza ghafla kuanza kuharisha, choo cha maji kinachonuka vibaya sana, pamoja na homa na tumbo kuvimba. Mama hufurahi: "Afadhali amefunguka!" Kumbe utumbo umeoza kwa vijidudu vilivyonaswa ndani, na hali hiyo huua haraka kuliko kufunga choo kwenyewe. Inaweza kutokea hata baada ya upasuaji.

VIDONGE VYA KUFUNGA

Tukiwa hapo kwenye kuharisha, tumwombe mama aangalie kabati lake. Mwaka 1975 wataalamu wa Aberdeen, Uskoti, waligundua kwamba mwili hutengeneza nyuropeptidi zinazofanya kazi kama afyuni. Hizo zimo pia utumboni, nazo hupunguza mwendo wake. Vidonge vya kufunga kuharisha vinavyouzwa madukani, vile vya loperamidi, hugonga mlango huo huo. Kwa mtu mzima aliye safarini vinaweza kumsaidia siku moja. Kwa mtoto mdogo ni hatari: utumbo unasimama, uchafu unabaki ndani, tumbo linavimba, naye anaendelea kupungukiwa maji bila wewe kuyaona. Mtoto anayeharisha apewe maji yenye mchanganyiko wa chumvichumvi na sukari kutoka kwenye pakiti, vidonge vya zinki kama zahanati itakavyoelekeza, na aendelee kunyonya na kula. Dawa za kikohozi na maumivu zenye kodeini nazo zina tabia hiyo hiyo ya kufunga choo, na mtoto hastahili kupewa.

Mjamzito anayesumbuliwa na kiungulia na choo kigumu naye ana haki ya kujua kinachomtokea, ingawa kwake si nyuropeptidi bali homoni ya mimba inayolegeza misuli laini ili mfuko wa uzazi utulie. Hailegezi mfuko huo peke yake. Kifungo cha juu ya tumbo hulegea, tindikali ikapanda, na utumbo ukawa mvivu. Vidonge vya kuongeza damu huongeza ugumu na kufanya choo kiwe cheusi. Asiviache, anywe maji zaidi, ale dona na matunda, ale kidogo mara nyingi, na asilale mara baada ya kula.

SAFARI YA KWENDA KUTIBIWA

Mzazi akifika hospitali, daktari atauliza swali la bibi: choo cha kwanza kilitoka lini? Andika saa ya kuzaliwa na saa ya choo hicho nyuma ya kadi ya kliniki mapema, kwani baada ya miezi miwili hakuna anayekumbuka. Mtoto atapigwa picha ya eksirei baada ya kuingizwa dawa nyuma inayoonyesha umbo la utumbo. Kisha atachukuliwa kinofu kidogo sana kutoka ukuta wa njia ya haja kubwa, kikaangaliwe kwa hadubini kama kina seli za fahamu. Jibu la kinofu ndilo la mwisho.

Upasuaji wa watoto wa namna hii hufanyika katika hospitali kubwa, kama Muhimbili jijini Dar es Salaam, KCMC mjini Moshi na Bugando mjini Mwanza. Kwa sisi wa Morogoro iliyo karibu ni Muhimbili, kilometa zipatazo 190, na tangu 2024 treni ya umeme imeifupisha safari hiyo kwa wenye nauli. Watoto walio katika hali nzuri wanaweza kupasuliwa mara moja tu. Lakini wengi wetu huwapeleka wakiwa wamechelewa, utumbo umetanuka mno, na hapo daktari hulazimika kwanza kutoa mdomo wa utumbo nje kwenye ngozi ya tumbo, ili choo kipite hapo mpaka utumbo upungue na mtoto apate uzito. Upasuaji wa pili huja miezi baadaye, na kufunga ule mdomo pengine ni safari ya tatu.

Kipindi hicho cha katikati ndicho kinachowachosha akina mama. Mifuko ya kukinga haja ni ghali na haipatikani kila duka la dawa. Wengi hutumia vitambaa safi vya pamba vinavyofuliwa na kuanikwa juani, na kuipaka ngozi inayozunguka mdomo wa utumbo mafuta mazito ili isichubuke. Kinyama kile chekundu hakina maumivu kikiguswa. Mtoto anaogeshwa kama wengine, na anabebwa mgongoni kama wengine, ila khanga isikaze mahali pale. Kikigeuka rangi kuwa cheusi, au choo kikikoma kutoka, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Baada ya upasuaji wa mwisho, mtoto huenda choo mara nyingi kwa siku na makalio huchubuka sana. Hali hiyo hutulia kwa muda. Wengine hujifunza kwenda chooni wakiwa wamechelewa kuliko wenzao, wengine hufunga choo tena na kuhitaji dawa ya kulainisha kwa miaka. Yule mtoto wa juu ya Mlali sasa yuko darasa la pili. Mama yake alikwenda kuonana na mwalimu wa darasa kabla ya muhula kuanza, wakakubaliana kwamba mtoto akinyoosha kidole aruhusiwe kutoka mara moja bila kuulizwa mbele ya wenzake, na kwenye mkoba wake, chini ya madaftari, huwekwa kaptula ya pili.